Mambo Ishirini na Mawili ya Maweni

Mwaka 1984 mama mjamzito aliyefika katika hospitali ya mkoa wa Kigoma, ile ambayo wenyeji huiita Maweni, alikuwa bado hajafika salama. Kwa kila watoto 107 hivi waliozaliwa hai humo, mama mmoja alikufa. Wataalamu huiandika hesabu hiyo kwa namna yao: vifo 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Muuguzi wa leba aliiona kwa namna nyingine, kwa kuwa ilikuwa vigumu kumaliza miezi michache ya zamu pale bila kumfunika mzazi shuka na kutoka nje kuwatafuta ndugu zake.

Kufikia mwaka 1991, hospitali ileile ilikuwa imeshuka hadi vifo 186 kwa hesabu hiyohiyo, yaani mama mmoja kwa kila watoto 538 hivi. Miaka hiyo kati ya 1984 na 1991 haikuwa ya neema kwa Tanzania. Sukari ilipatikana kwa foleni, sabuni kwa kujuana, na dawa kwa bahati. Kwa hiyo mtu anayetafuta siri ya Kigoma asianze kutafuta fedha. Atafute daftari la vifo, na watu waliokubali kulisoma kwa sauti mbele ya wenzao.

Kwanza tuitazame Kigoma yenyewe, maana umbali wake ni sehemu ya habari hii. Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam ilifika pale mwaka 1914, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,200, na kwa miongo mingi baadaye ikabaki kuwa ndiyo njia ya uhakika ya kuingia na kutoka. Barabara za kwenda Kasulu na Kibondo zilikuwa za udongo mwekundu unaogeuka utelezi kila masika. Mkoa ulikaa nje ya gridi ya taifa miaka yote hiyo, ukitegemea jenereta za dizeli, na dizeli ilipokosekana taa zilizimika. Kusini mwa mji, vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika kama Buhingu na Kalya viliishi kwa mtumbwi, boti na kupita kwa meli ya Liemba, ile meli ya Wajerumani iliyozamishwa wakati wa Vita vya Kwanza, ikaibuliwa na kurudishwa majini. Mama aliyeshikwa na uchungu huko alisubiri ziwa litulie kabla ya kumsubiri daktari.

Nyuma ya milima ya Uha zilikuwepo hospitali za misheni, Kabanga ya Wakatoliki na Heri ya Wasabato, na zahanati zilizotapakaa hapa na pale. Lakini wengi walizalia nyumbani. Mkunga wa jadi alikuwa mtu mzima mwenye heshima, mara nyingi mwenye uhusiano wa damu na mzazi, asiyelipwa kwa bei bali kwa kuku au kitenge au shukrani. Alijua kutuliza, kukanda, kukata kitovu, kuzungumza na mama mkwe aliyejaa wasiwasi. Uzazi mwingi ulikwenda vizuri mikononi mwake, na hapo ndipo palipokuwa na mtego. Uzazi mwingi huenda vizuri popote pale. Ule mchache unaoharibika haumpigii mtu hodi mapema, na ukishaharibika, ukunga wa busara peke yake hautoshi.

Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Mwenye uzazi pingamizi, ambaye mtoto hapiti kwenye nyonga, ana siku moja, pengine mbili, kabla ya mfuko wa uzazi kupasuka. Kifafa cha mimba huanza na kichwa kuuma na miguu kuvimba, mambo ambayo mjamzito huambiwa ayavumilie. Maambukizi huja siku kadhaa baadaye, wakati wageni wamekwisha kula uji wa uzazi na kurudi makwao. Kwa hiyo umbali una sura nyingi. Kwa mwenye uzazi pingamizi, machela na vijana wanne wenye mabega imara wanaweza kufaulu. Kwa anayetokwa damu, hospitali iliyo kilomita thelathini ni sawa na hospitali iliyoko Dodoma.

Serikali ililijua tatizo la umbali na ilijaribu kulitatua kwa namna yake. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji, na miongoni mwa ahadi zilizotolewa ni zahanati, shule na maji. Ahadi zile zilikuwa za kweli: miaka ya sabini ilijenga zahanati na vituo vya afya vijijini kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana, na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifika hadi kwenye redio za vilinge vya jioni. Kuhamishwa nako kulikuwa kwa kweli, na wengi walikumbuka zaidi nyumba zao zilizobomolewa kuliko zahanati iliyojengwa. Kisha ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda bei, hazina ikakauka. Jengo la zahanati lilibaki na bati lake, mganga na kabati tupu.

Wakati huohuo, huko ambako sera za dunia huandikwa, mama alikuwa amesahauliwa. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulitangaza afya ya msingi kwa wote, na programu za afya ya mama na mtoto zikaenea kila nchi, lakini vitendo vyake vilimhusu zaidi mtoto: chanjo, uzito, maji ya chumvi na sukari kwa mwenye kuhara. Mwaka 1985 Allan Rosenfield na Deborah Maine waliandika katika jarida la Lancet wakiuliza kwa ukali, katika hizo programu za mama na mtoto, mama yuko wapi? Miaka miwili baadaye, Februari 1987, mashirika makubwa ya dunia yalikutana Nairobi na kuzindua mkakati wa uzazi salama. Makadirio yaliyotolewa yalikuwa vifo vya wanawake nusu milioni kila mwaka. Waliweka lengo la kupunguza vifo hivyo kwa nusu ifikapo mwaka 2000. Mwaka 2000 ukafika, lengo likabaki kwenye karatasi.

Huko Kigoma hawakuwa wamesubiri karatasi ya Nairobi. Daktari Godfrey Mbaruku, Mtanzania aliyefanya kazi katika hospitali ya mkoa, alirudi nyuma kwenye kumbukumbu za akina mama waliokufa na kuuliza swali ambalo hospitali nyingi hulikwepa: huyu alikufa kwa nini, na ni nini tungeweza kufanya tukakosa kufanya? Swali hili lina hatari zake. Sehemu ya kwanza hujibiwa kwa Kilatini na kila mtu akaenda nyumbani: alikufa kwa kutokwa damu. Ya pili huanza kutaja watu. Damu haikuwepo kwa sababu hakuna aliyetafuta wachangiaji. Daktari wa zamu alikuwa anakaa mbali, na hapakuwa na gari la kumfuata. Vifaa vya upasuaji havikuwa vimetakaswa kwa sababu mashine iliharibika mwezi uliopita na kila mtu alijua imeharibika.

Kutokana na maswali hayo ulizaliwa mpango wenye mambo 22. Ukiyasoma kwa haraka unaweza kudhani umeokota kumbukumbu za kikao cha idara ya ugavi. Kuwe na vikao vya mara kwa mara vya kuchambua kila kifo. Vifaa vifanyiwe matengenezo kwa ratiba badala ya kusubiri viharibike. Wafanyakazi wafundishwe palepale kazini ili mikono isisahau. Kuwe na taratibu zilizokubaliwa za kumhudumia mgonjwa, na nyingine za kumpa rufaa aliyezidiwa. Damu ipatikane. Antibiotiki zitumike ipasavyo. Maabara iweze kuotesha vijidudu ili daktari ajue anapigana na nini. Watumishi wapimwe utendaji wao. Malalamiko ya wananchi yasikilizwe. Umbali kati ya nyumba za watumishi muhimu na hospitali utazamwe. Dawa muhimu ziwepo. Hospitali itengeneze yenyewe maji ya dripu. Jamii ya pale ichangishwe fedha.

Tukae kidogo kwenye machache kati ya hayo, maana ndani yake mna akili nyingi kuliko inavyoonekana.

Maji ya dripu, kwa mfano. Mama aliyepoteza damu huhitaji kujazwa maji mshipani mara moja, hata kabla damu haijapatikana. Maji yenyewe ni maji safi na chumvi, yaliyotakaswa na kupimwa kwa uangalifu. Lakini ni mazito. Katoni za chupa za maji zilisafiri kwa treni ile ile iliyobeba saruji na abiria, kutoka pwani hadi mwisho wa reli, na bohari kuu ikiishiwa, Kigoma ndiyo ya mwisho kujua na ya mwisho kupata. Kuanzisha kitengo kidogo cha kuyatengeneza palepale hospitalini kulikuwa na maana ya kuacha kusafirisha maji kilomita 1,200 kwenda kwenye mji uliojengwa kando ya moja ya maziwa makubwa kuliko yote duniani. Ukishaliona hivyo, unashangaa ilichukua muda gani mtu kulifikiria.

Au suala la nyumba za watumishi. Upasuaji wa dharura unahitaji watu kadhaa kwa wakati mmoja: wa kupasua, wa kutoa dawa ya usingizi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, mtu wa maabara wa kupima damu. Mmoja akikosekana, wengine watatu wanasimama wakitazamana. Saa nane za usiku, bila simu, kumtafuta mtu anayeishi upande wa pili wa mji ni kazi ya saa nzima. Anayetokwa damu hana saa hiyo. Kwa hiyo swali la nani apewe nyumba ya karibu, ambalo kwa kawaida huamuliwa kwa cheo na ukubwa wa familia, likageuka swali la uhai. Nadhani hapo ndipo mpango ule ulipotofautiana na mipango mingi iliyoutangulia: uliuchukulia ucheleweshaji kama ugonjwa wenye chanzo chake, unaoweza kutibiwa kama ugonjwa mwingine wowote.

Na malalamiko ya wananchi. Kuwasikiliza wananchi katika hospitali ya umma ya miaka ya themanini kulikuwa jambo geni. Mgonjwa wa wakati ule alishukuru kwa kilichokuwepo. Muuguzi aliyemfokea mzazi alikuwa muuguzi mkali, basi, na ukali ulihesabiwa kuwa sehemu ya taaluma. Kuyaweka malalamiko ndani ya mpango wa kupunguza vifo kulikuwa ni kukiri kwamba mwanamke anayeogopa kutukanwa atachelewa kuja, na kwamba kuchelewa kwake hakutaandikwa kwenye cheti cha kifo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Health Policy and Planning, Mbaruku akiandika pamoja na Staffan Bergström, daktari wa uzazi kutoka Sweden. Miaka kumi baadaye, mwaka 2005, Mbaruku aliyakusanya hayo na mengine katika tasnifu yake ya udaktari wa falsafa kwenye Chuo cha Karolinska, Stockholm. Msomaji mwenye mashaka ana haki ya kuuliza maswali. Takwimu za hospitali huhesabu wale waliofika tu. Aliyefia kwenye mtumbwi karibu na Kalya hayumo, wala yule aliyezikwa Kibondo kabla habari zake hazijafika kokote. Tena uwiano wa vifo unaweza kushuka kwa sababu akina mama wenye uzazi wa kawaida wameanza kuja kwa wingi, wakiongeza idadi ya vizazi bila kuongeza vifo. Maswali hayo ni ya halali. Hata hivyo, akina mama wenye uzazi wa kawaida hawaji kwa wingi katika hospitali inayojulikana kwa kuua. Wakija, wameona jambo.

Mwaka 1994, mwaka mmoja kabla ya makala ya Kigoma, Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha uchambuzi ambao leo kila mwanafunzi wa ukunga huufundishwa. Walisema mama hufa kwa kucheleweshwa, na kucheleweshwa kuko kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kuifikia, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ukiyapanga mambo 22 ya Maweni katika mafungu hayo matatu, utakuta karibu yote yanaangukia fungu la tatu. Hilo si la kushangaza. Hospitali iliweza kurekebisha kilichokuwa chini ya paa lake. Wakati wahisani wengi walikuwa wakilaumu mila, ujinga na wakunga wa jadi, yaani fungu la kwanza, kule magharibi mwa nchi watu walikuwa wamegundua kwamba mlango wa hospitali wenyewe ndio uliohitaji kutazamwa kwanza.

Wanawake walikuwa wameligundua hilo mapema zaidi. Mwaka 2009 Mbaruku, Margaret Kruk na wenzao walichapisha utafiti wa wilaya ya Kasulu. Kati ya wanawake waliojifungulia katika vituo vya huduma, zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa wamekipita kituo kilicho karibu nao na kwenda mbali zaidi, kwenye hospitali. Walipita zahanati ya kijiji kwa makusudi, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu, kwa kuwa walijua hapo hapakuwa na dawa wala mtu wa kuwasaidia mambo yakiharibika. Utafiti mwingine wa hukohuko Kasulu ulionyesha kwamba waliozalia vituoni waliridhika zaidi kuliko waliozalia kwa wakunga wa jadi. Picha ya mwanamke wa kijijini anayeng'ang'ania mila kwa kuogopa hospitali ilikuwa imechorwa na watu ambao hawakumuuliza. Alikuwa anapima na kulinganisha, na zahanati aliyoipita alikuwa ameihukumu.

Lakini hospitali nzuri iliyo mbali haiwezi kumfaa kila mtu, na hapo historia inageukia upande mwingine: nani apasue? Tanzania ilikuwa na jibu lake tangu mwaka 1963, mwaka uleule chuo cha udaktari kilipoanzishwa Dar es Salaam. Nchi ilikuwa na madaktari wachache mno, na kusubiri wahitimu wa shahada wawe wengi kulikuwa ni kusubiri kizazi kizima. Ndipo matabibu wenye uzoefu wakaanza kupewa mafunzo zaidi ya tiba na upasuaji, wakaitwa Madaktari Wasaidizi. Kwa miongo mingi ndio walioshika visu katika hospitali za wilaya, na kwa miongo hiyohiyo wakubwa wa taaluma waliwatazama kwa jicho la pembeni, kama suluhisho la muda lililosahaulika kuondolewa.

Mwaka 2009 Colin McCord, Mbaruku na wenzao waliwapima rasmi. Walichunguza akina mama 1,134 waliopata matatizo ya uzazi na operesheni kubwa 1,072 za uzazi katika hospitali za wilaya. Operesheni nyingi zilikuwa za Madaktari Wasaidizi. Walipolinganisha matokeo yao na ya madaktari wenye shahada, hawakuona tofauti ya maana, si kwa vifo wala kwa ubora wa huduma. Msumbiji nayo, tangu mwaka 1984, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilikuwa ikifundisha mafundi wa upasuaji kwa fikra hiyohiyo. Nchi mbili jirani, zenye lugha tofauti na dhiki inayofanana, zilikuwa zimefika kwenye jibu moja.

Basi kama Daktari Msaidizi anaweza kupasua kwenye hospitali ya wilaya, kwa nini asipasue kwenye kituo cha afya, ambacho kipo karibu zaidi na kijiji? Kuanzia mwaka 2006 shirika la World Lung Foundation, likishirikiana na serikali na kwa fedha za taasisi ya hisani ya Bloomberg, lilianza kulijaribu hilo Kigoma, Morogoro na Pwani. Vituo vya afya vilijengewa vyumba vya upasuaji. Madaktari Wasaidizi walifundishwa upasuaji wa dharura wa uzazi, na wauguzi na matabibu wakafundishwa kutoa dawa ya usingizi. Ifakara nako kozi ya miezi mitatu ya aina hiyohiyo iliwatuma watu kwenye vituo vya vijijini. Kazi ya Kigoma baadaye ilipokelewa na shirika la Kitanzania, Thamini Uhai. Kati ya mwaka 2013 na 2018, sehemu ya akina mama wa mkoa huo waliojifungulia katika vituo ilipanda kutoka karibu nusu hadi asilimia 85.

Ni jambo dogo ndani ya mradi huo ambalo nalipenda zaidi, nalo halikuhitaji kisu. Kuanzia mwaka 2016 vituo tisa vya serikali mkoani Kigoma viliruhusu mama aingie leba na mtu wake wa kumsindikiza. Anayejua leba za hospitali zetu atajua uzito wa jambo hili. Kwa miaka mingi mama aliingia pale peke yake, ndugu wakakaa nje kwenye nyasi na ndoo na chupa ya chai, wakisubiri habari kupitia dirishani. Mama aliyekuwa na mtu wake hakuwa na sababu ya kuogopa kwamba akipiga kelele atafokewa bila shahidi. Tena msindikizaji alikuwa jicho la ziada: ndiye aliyekimbia kumwita muuguzi damu ilipozidi. Kwa sura fulani, mkunga wa jadi na mama mkwe walikuwa wamerudishwa chumbani, safari hii kukiwa na muuguzi na kabati lenye dawa.

Kufokewa kwenyewe si jambo la kubuni. Mkoani Tanga, katika utafiti ambao Mbaruku pia alishiriki, karibu mama mmoja kati ya watano alisema alipokuwa akitoka hospitali kwamba alitendewa vibaya wakati wa kujifungua. Walipoulizwa tena nyumbani wiki kadhaa baadaye, waliosema hivyo walikuwa zaidi ya mmoja kati ya wanne. Nyumbani, mbali na muuguzi, ulimi ulilegea.

Fungu la pili la Thaddeus na Maine, barabara, lilisubiri simu ya mkononi. Mwaka 2013 huko Sengerema kulianza majaribio ambayo yalikua na kuitwa m-mama, yakaenea Shinyanga, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliyazindua Dodoma kuwa mpango wa nchi nzima. Utaratibu wake ni rahisi kuusimulia. Muuguzi wa zahanati au ndugu wa mgonjwa anapiga 115 bure. Mpokeaji wa simu anauliza dalili, anaamua ukubwa wa dharura, kisha anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, anampigia dereva wa kijijini aliyesajiliwa, mwenye Noah au pikapu yake, ambaye atalipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Hakuna aliyelazimika kuvumbua gari. Magari yalikuwa yameegeshwa kijijini miaka yote. Kilichokosekana ni mtu wa kumhakikishia dereva kwamba mafuta yake yatalipwa usiku wa manane na mtu asiyemjua.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulitoa idadi iliyowashangaza wengi: vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati uchunguzi wa 2015 na 2016 ulionyesha 556. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238. Vifo vya uzazi ni vigumu kuhesabu katika nchi ambayo si kila kifo huandikishwa, na namba za aina hii hubeba nafasi kubwa ya kukosea, kwa hiyo mimi singeapa kwa yoyote kati ya hizo. Mwelekeo, hata hivyo, hauna shaka. Serikali ilikuwa imeongeza vyumba vya upasuaji katika mamia ya vituo vya afya, na Wasukuma, Waha na Wamakonde walikuwa wakijifungulia vituoni kwa kiwango ambacho daktari wa Maweni wa mwaka 1984 asingekiamini.

Kwa watoto wachanga, uchunguzi huohuo ulikuwa na habari nyingine. Mwaka 2015 na 2016 watoto 25 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa ndani ya siku 28 za kwanza. Mwaka 2022 walikuwa 24. Sehemu kubwa yao hufa siku ya kwanza, wengine dakika za kwanza. Mwaka 2009 Tanzania ilianza kufundisha katika hospitali nane mbinu ya kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika moja baada ya kuzaliwa: kumkausha, kumsugua mgongo, kisha kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa, mafunzo yakifanywa kwa mwanasesere. Dk. Georgina Msemo na wenzake waliripoti mwaka 2013 kwamba vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mbinu inafanya kazi. Mikono ndiyo haitoshi. Mbaruku na wenzake walipochambua vifo vya watoto huko Kigoma kwa kutumia yale mafungu matatu, walikuta mapungufu mengi yalikuwa, kwa mara nyingine, ndani ya hospitali.

Zahanati ya kijiji yenye muuguzi mmoja wa zamu usiku ina wagonjwa wawili papo hapo mtoto anapozaliwa bila kulia. Kama mama naye ameanza kutokwa damu, muuguzi yule ana dakika moja kwa mtoto na anatakiwa kwa mama muda huohuo, akiwa na taa ya sola na mikono miwili. Ratiba nyingi za zamu za zahanati bado zina jina moja kwa usiku.